Karantini ya Mama

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba mama yangu mzazi yuko karantini. Siyo karantini ya watu, hiyo ilikuja baadaye sana. Karantini ya ng'ombe. Niliamini kwamba serikali, baada ya kufikiri kwa kina, ilikata mti mrefu, ikaulaza juu ya nguzo kukatiza barabara chini kidogo ya Dongobesh, ikamweka mlinzi mwenye koti refu pembeni yake, ili mama yangu asipande kwa bibi kutuletea ugonjwa wa miguu na midomo. Usinicheke. Kwamba mbili na mbili ni nne niliambiwa na mwalimu mmoja tu, lakini hili niliambiwa na shangazi yangu mbele ya nyumba nzima ya watu wazima, na hakuna aliyefungua mdomo kupinga.

Nimelikumbuka mwaka huu, mwezi wa sita. Wewe unajua kwamba mimi na mama wa watoto wangu tumetengana. Hatukupigana, hatukuvunjiana vyombo, tulichoka tu. Likizo ya baridi tunagawana: nusu ya kwanza watoto wanakaa nami kwa bibi yangu Dongobesh, nusu ya pili mama yao anakuja kuwachukua wanashuka kwao Hanang. Basi jioni moja tumezunguka moto tunapukuchua mahindi, bibi, shangazi, mimi na watoto. Nje ukungu umekaa mpaka mlangoni. Baridi ya kule unaijua, ni ile ambayo ukimsalimia jirani shikamoo, marahaba inakufikia kesho yake. Binti yangu, wa darasa la kwanza, mashavu yamempasuka kwa upepo, akaniegemea akauliza:

"Baba, kwani mama naye yuko karantini?"

Gunzi likanidondoka. Nikamuuliza nani kamwambia. Hakutaja jina, akachongoa mdomo tu kuelekea upande wa shangazi.

"Ameniuliza kama mama yake akija atalala hapa," shangazi akasema, anaendelea kupukuchua. "Nikamtania. Mtoto haelewi utani."

"Hata mimi sikuuelewa, shangazi."

"Wewe ulikuwa mzito toka mwanzo. Ulichelewa kuzaliwa, ukaendelea na mwendo huo huo."

Watu wakacheka, hata bibi. Na mimi, ambaye kwa kawaida ndiye wa kwanza kucheka msibani, nikashindwa. Kifua kiliniwaka kuliko yale magunzi yaliyokuwa motoni.

Acha nikueleze ilivyokuwa. Mama yangu alitokea Getanuwas, kwa watu wa mifugo. Baba alikuwa wa huku juu, wa jembe na kanisa. Walipoachana mimi nilikuwa bado mdogo, nalala karibu na ndama. Ilipangwa kwamba tuishi na mama, mimi na dada yangu, na likizo ya mwezi wa sita tupande kwa bibi, maana ndiyo wakati ukoo mzima unapokutana kuvuna. Mama alitusindikiza mwenyewe kila mwaka, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, shuka mabegani, bangili za shaba mkononi, na kibuyu cha maziwa ya mgando mgongoni. Kibuyu hicho alikifukiza moshi wa kuni maalumu mpaka maziwa yake yakawa na harufu ambayo sijaipata tena popote. Ukiyanywa asubuhi unashiba mpaka keshokutwa.

Tukifika kwenye ule mti uliolazwa barabarani, tunasimama. Shangazi anakuwa upande wa juu, mama upande wa chini.

"Hamjambo huko," shangazi anasema.

"Hatujambo. Wifi, watoto hawa hapa."

"Haya."

Ndiyo mazungumzo yote, rafiki yangu. Wanawake wawili waliowahi kulala chumba kimoja na kusukana nywele. Sisi tunainama kupita chini ya mti, na mama anabaki amesimama pale pale, anatutazama tukiingia kwenye ukungu. Nikigeuka namwona. Nikigeuka tena naona bangili tu.

Ule mti kweli uliwekwa kwa ajili ya karantini. Mifugo ya bondeni iliugua, bwana mifugo akakataza ng'ombe kupanda, na anayepita kwa miguu alikanyaga kwanza gunia lililolowa dawa. Ugonjwa ulipokwisha gunia likaondolewa, mti ukabaki kwa ushuru wa mazao. Lakini mimi haya sikuyajua. Nilichojua ni kwamba mwaka wetu wa kwanza niliuliza motoni kwa bibi, "Mama yeye haji?" na shangazi akajibu, "Mama yenu yuko karantini, kama ng'ombe za kwao." Watu wakacheka mpaka moshi ukawapalia. Mimi nikaelewa kila kitu.

Nilianza uchunguzi. Watu wengine walipita pale kwenye mti bila taabu, hata wenye kuku kichwani, kwa hiyo nikajua tatizo ni mama peke yake. Tukiwa Getanuwas nilimkagua miguu akiwa amelala. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka kwa kutembea juani na nikaona, naam, ndiyo yenyewe hiyo. Siku moja nikamwomba afungue mdomo. Akafungua, akidhani tunacheza, akautoa na ulimi. Sikuona kidonda chochote, nikafurahi sana, nikamwambia, "Mama, umepona." Akacheka akanibeba. Hakuniuliza amepona nini.

Na kwa bibi mambo yote yalithibitisha imani yangu. Tukifika tu, kabla hata ya shikamoo kuisha, bibi anatukalisha kwenye vigoda anatuosha miguu kwa maji ya moto. Alikuwa anatupasha joto, maskini, tumetembea na baridi. Mimi nilijua ni dawa. Nilinyoosha miguu kwa heshima kama mtu anayetii sheria za nchi. Kisha uji wa ulezi, mzito kiasi kwamba kijiko kinasimama peke yake kikitafakari. Viazi vya kuchimbia majivuni. Maharage mapya. Usiku blanketi la bibi, ambalo lilikuwa zito mpaka ukitaka kugeuka lazima wote mkubaliane kwanza. Ndama wanapumua upande wa pili wa ukuta, binamu kutoka Masieda wanasimulia uongo wao, na mvua ile nyembamba ya kipupwe, ambayo hainyeshi wala haikatiki, inakaa juu ya paa. Nilikuwa na furaha, sitakudanganya. Ndicho kinachoniudhi leo. Nilikuwa na furaha, na mama yangu anarudi peke yake bondeni na njaa, maana hata kikombe cha chai hakupewa.

Na yale maziwa je. Shangazi alisema kibuyu kisiingie nyumbani, kitanuka. Mama alikikabidhi kila mwaka, na kila mwaka shangazi alimwachia mlinzi wa mti. Mlinzi alinywa yote pale pale, amesimama, mama bado anaonekana njiani. Yule bwana alinenepa kwa maziwa yetu hadi akawa anaziba barabara bila kuhitaji mti. Kibuyu alikirudisha kitupu kwa mama akipanda kutufuata, na mama akamwambia asante. Akajua tumekunywa sisi. Mwaka mmoja aliniuliza, "Yalikuwa mazuri?" nikajibu ndiyo, maana nilidhani anauliza kuhusu maharage.

Nilipokuwa darasa la sita mwalimu wa sayansi alitufundisha kwamba ugonjwa ule ni wa wanyama wenye kwato. Nikatazama chini ya dawati, nikafikiria miguu ya mama, karantini ikafa hapo hapo. Lakini mti ulikuwepo, na mama alisimama upande wake wa chini vile vile, kwa hiyo nikajitafutia sababu nyingine. Nikaamua kwamba wazee walikaa. Lazima walikaa, nikasema, wakaamua mwanamke aliyeondoka asikanyage tena ua ule. Baadaye, nilipomaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nina ndevu na mtoto mgongoni, niliiboresha imani yangu kwa msamiati wa darasani: uamuzi wa baraza, mila na desturi, haki za pande mbili. Mtu mwenye elimu ya usiku hakosi la kusema. Mama alifariki kabla sijamuuliza. Alifariki bila kuiona tena sehemu ile ya moto ambayo wanawe walilala kando yake likizo zote za utoto wao.

Sasa mwaka huu binti yangu ananiuliza swali lile lile, motoni pale pale, na mama yake anakuja Jumamosi. Naye ana desturi ya kusimama barabarani, kwenye duka la kona, anipigie simu nimtolee watoto. Mwenyewe nilikuwa naona ni sawa, ndivyo inavyofanyika. Usiku ule sikuona tena kuwa ni sawa. Nikajiapiza kwamba safari hii ataingia, atakaa, atakula na watu wa nyumba hii, na watoto wangu watawaona wazazi wao wamekaa chini ya paa moja bila mti katikati. Lakini nina adabu zangu, rafiki yangu. Kama wazee walikaa kufunga, lazima wazee wakae kufungua. Nikanunua sukari nikaanza kuzunguka.

Mzee wa kwanza, jirani yetu, alinipokea vizuri sana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kikao cha mama yako? Mimi sikuwepo. Muulize aliyekuwa mwenyekiti."

"Mwenyekiti amefariki, mzee."

"Basi yeye ndiye angejua," akasema, akaichukua sukari.

Wa pili alisema labda kilikaa kanisani. Mzee wa kanisa akasema labda kilikaa kwa balozi wa nyumba kumi. Nikampigia simu baba mkubwa wa Masieda, akauliza, "Kikao gani?" Nikaeleza upya. "Aa," akasema, "hicho. Hapana, sikumbuki." Nikazidi kuwaka. Nikaona wanaficha. Nikaona ukoo mzima umekula njama, walio hai na waliokufa, kunizungusha mpaka likizo iishe. Usiku nikawa natunga hotuba kitandani. Ilikuwa hotuba kali, ina utangulizi na sehemu ya lawama, na mahali pa kutulia kidogo ili watu wainamishe vichwa.

Jumamosi simu ikaita asubuhi. "Nimefika," mama wa watoto akasema. "Niko hapa dukani. Wavalishe masweta, kuna upepo."

"Usiondoke," nikamwambia. "Kuna jambo nalishughulikia."

"Jambo gani tena wewe. Gari litaniacha."

Nikaingia ndani. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anachochea moto, shangazi anachagua maharage kwenye ungo. Nyumba yenyewe siku hizi ni ya bati na matofali, ile ya udongo tuliyolala na ndama ilianguka. Mti wa barabarani uliondolewa, hata shimo la nguzo yake silioni tena. Yule mlinzi sijui alikwenda wapi na unene wake. Harufu ya kile kibuyu imekwisha duniani, maana aliyejua kuni zake hakunifundisha, nami nilikuwa nakaa mbali na mikono yake nikiogopa kuwaambukiza ng'ombe wa bibi. Vyote vimeondoka, kilichobaki ni mwanamke kusimama barabarani na upepo.

Nikasimama katikati ya nyumba. Hotuba yote ikapotea, utangulizi na lawama.

"Bibi," nikasema, "mama wa watoto yuko dukani. Nataka aingie humu. Nimewazungukia wazee wote, hakuna anayekubali kwamba alikaa. Niambie ni nani wa kumwomba ruhusa, nikapige magoti sasa hivi."

Shangazi akaacha kuchagua. "Ruhusa ya nini?"

"Ya mwanamke aliyeondoka kukanyaga hapa. Mliyomnyima mama."

Bibi alisukuma kuni moja motoni. Kisha akamgeukia binti yangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni amevaa sweta nje ndani. "Wewe, kimbia dukani. Mwambie mama yako bibi anasema karibu, chai iko tayari."

Mtoto akatoka mbio. Nikabaki nimesimama, hasira imenijaa na sina pa kuiweka.

"Hivyo tu?" nikauliza. "Na uamuzi wa wazee?"

"Uamuzi gani," bibi akasema, polepole, macho yake motoni. "Hakuna mzee aliyekaa. Mama yako hakukatazwa na mtu yeyote. Alikuwa anangoja aambiwe karibu, na sisi hatukumwambia."