Kuvu Kwenye Pafu la Tata

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alikula peke yake kwa miaka, kwenye benchi lililo nje ya mlango wa jikoni. Sisi wengine tulikaa ndani mkekani, tukizunguka ndizi na maharage yaliyomwagwa juu ya jani la mgomba. Yeye alikuwa na sahani na kikombe vyake, na mama aliviosha mwisho kabisa, kwa majivu.

Hakuna muuguzi aliyetuagiza tumtenge, tuliamua wenyewe. Tata aliwahi kuugua TB, akatibiwa akapona, kisha kikohozi kikarudi na safari hii kikaja na damu. Huku Rugera mtu anayekohoa damu ana TB, basi, hakuna mjadala. Makohozi yalipimwa, vijidudu havikuonekana, lakini picha ya kifua ilikuwa na kivuli, akaanzishiwa dawa zile zile upya. Alizimeza zote na damu haikukoma. Hata wazee wenzake aliokuwa akinywa nao orubisi, pombe yetu ya ndizi, wakaanza kumpimia pembeni. Hakulalamika. Mimi nilitamani alalamike, maana upole wake ulinichoma moyo kuliko kile kikohozi.

Mwaka jana nilimpeleka hospitali ya mbali. Daktari aliiangalia picha kwa muda, akaagiza nyingine ya mashine kubwa, akaagiza na damu ipimwe. Majibu yalipotoka alituchorea pafu kwenye karatasi. TB ya zamani ilikuwa imeacha shimo, na ndani ya shimo hilo kuvu ilikuwa imeota ikajiviringisha kama tonge. Ni kuvu ya kawaida, alisema, kila mtu anaivuta kwenye vumbi na majani yanayooza, ila kwenye pafu zima haipati pa kukaa. Kumpasua kusingewezekana kwa sababu pafu la pili nalo lilikuwa limechoka. Alimwandikia vidonge vya kupambana na kuvu, vya miezi mingi, na hakutuahidi kitu.

Tata aliuliza swali moja tu.

"Ninaambukiza?"

"Hapana, mzee. Ugonjwa huu humpi mtu."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa anatabasamu.

Jioni hiyo mama alitandaza jani pana kuliko kawaida, akamwita mkekani. Tata alinawa, akakaa, akanyoosha mkono. Hapo binti mdogo wa kaka yangu, ambaye tangu azaliwe alimjua babu yake wa kwenye benchi tu, akakusanya chakula chake kwa mikono miwili na kusogea mpaka ukutani. Kaka akaanza kumkemea.

"Mwache," Tata alisema. "Mmemfundisha vizuri."

Kesho yake alirudi kwenye benchi mwenyewe. Nililia jikoni kwa hasira, sijui hata nilimkasirikia nani. Mama hakulia. Alitoka, akaketi ubavuni mwake, akaanza kula naye kutoka sahani ile ile, na akafanya hivyo kila siku. Tata alimruhusu. Lakini kila mkono wa mama ulipokaribia, aliivuta sahani kidogo upande wake, kwa mazoea, bila kujijua. Asubuhi moja damu ilimtoka nyingi kupita kiasi, tukamzika akiwa bado hajaacha mazoea ya kuivuta sahani.