Matairi ya Kwenda Kwenye Theluji

Mama yangu alipokuja kututembelea Durban kutoka Tanga, alikuwa na ombi moja tu: aiguse theluji. Redio ilikuwa imetangaza kwamba imeanguka kwenye milima ya Drakensberg, safari ya asubuhi moja kutoka kwenye fleti yetu ya Umbilo. Nikamwambia mume wangu twende Jumamosi.

"Na matairi haya?" akasema.

Hapo alikuwa na haki. Yalikuwa yamelika hadi yanang'aa, na mvua ikinyesha gari liliteleza kila tulipofunga breki kwenye robot, taa ikiwa nyekundu. Nilidhani atanunua mengine Ijumaa, basi. Kumbe mume wangu, mtu wa Bukavu asiyenunua hata sufuria bila kuuliza watu, ndiyo kwanza alikuwa anaanza.

Alilinganisha matairi kwenye simu mezani, kitandani, hata msalani.

"Hii iko inashika muzuri kwa maji, lakini inamalizika mbio. Hii inadumu, lakini makelele iko mingi. Na ya baridi kali je?"

"Tunakwenda mara moja," nilimwambia. "Hatuhamii huko."

Jumamosi ikapita tukiwa kwa muuza matairi. Mume wangu alibonyeza kila tairi kwa kidole gumba kama anachagua parachichi, kisha akaulizia yale ya theluji. Muuzaji akashusha pumzi.

"Hayo hatuyaweki. Mpira wake ni laini, lami yetu ya joto ingeyala kama sabuni."

Tukatoka mikono mitupu. Theluji ikayeyuka. Mama akasema hata hivyo baridi ya Umbilo inamtosha, na mimi nikaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Theluji ilipoanguka tena, nilimwambia mume wangu mbele ya mama: ama anunue, ama sisi wawili tunapanda basi. Akanunua yenye meno makubwa, ya kupandia milima. Kwenye barabara kuu yalinguruma hivi kwamba tulizungumza kwa kupaza sauti. Mama, aliyekaa mbele, akamgeukia mkwewe.

"Baba, kuna kitu kimekwama chini?"

"Hapana, Mama. Ni nguvu ya tairi."

Tulipokaribia mlima, askari wa trafiki walikuwa wameifunga njia. Mume wangu akashusha kioo, akaanza kueleza habari za matairi yake. Askari hata hakuyaangalia.

"Eish, baba, huko juu ni barafu tupu. Geuza."

Nilishuka, maana ningebaki garini ningesema maneno ya kujutia. Pikapu moja ilikuwa inateremka kutoka mlimani, nyuma imejaa theluji ambayo watu huipeleka nyumbani kuwaonyesha watoto. Nikaipungia mkono, nikamweleza dereva kuwa mama yangu ametoka mbali. Akacheka, akachota kwa koleo, akatumwagia kwenye majani kando ya barabara.

Mama akavua viatu. Nilimkataza, hakusikia. Alikanyaga, akapiga yowe, akakanyaga tena, kisha akamwita mkwewe naye avue. Akavua, uso umenuna. Walishikana mikono wakirukaruka juu ya lile rundo dogo mpaka likawa tope.

Kurudi niliendesha mimi. Mume wangu akakaa nyuma, na hatukufika mbali kabla hajaniita.

"Makelele kweli iko mingi huku."

Niliongeza sauti ya redio.