Majibu Kutoka Dubai

Watu wakinisifu kwamba najua kuandika, huwa siwaambii nilijifunzia wapi. Nilijifunzia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, katika duka la mjomba wangu la vipuri vya magari, nikiwaandikia wateja majibu ya barua ambazo hazikuwahi kufika kokote.

Ilikuwa miaka ile kila kitu kilipofunguliwa. Magari yaliyotumika ya Kijapani yalishuka bandarini bila kukoma, mashirika ya umma yalipunguza watu, na waliopunguzwa walichukua viinua mgongo vyao wakanunua magari hayo hayo. Yakiharibika, walikuja kwetu. Mjomba alikuwa ameteremka kutoka Kilimanjaro na begi moja, na alikuwa na imani moja tu katika biashara: mteja akishatoka mlangoni ni wa jirani. Kwa hiyo dukani kwetu hapakuwa na neno "hakuna". Palikuwa na "tunaagiza".

Kuagiza kwenyewe kulifanyika kwa mtandao. Mtaa wa pili, upande wa Kariakoo, familia moja ya Kihindu iliyokuwa ikiuza vitambaa iliondoa majora upande mmoja wa duka ikaweka kompyuta sita, nje ikaandika "Internet Cafe". Mimi nilikuwa na Kiingereza cha kidato cha sita na sikuwa na kazi nyingine, basi nikafanywa mwagizaji. Tatizo lilikuwa wateja. Mtu aliyezoea kununua kipuri kwa kukipima uzito mkononi na kunusa kama grisi yake ni ya kiwandani au imepakwa jana, unamwambiaje alipie kitu ambacho si yeye wala wewe aliyewahi kukiona? Walikuwa wakinicheka usoni.

"Yaani nimpe hela kompyuta?" mmoja aliniuliza. "We dogo, uko siriasi?"

Mjomba ndiye aliyepata dawa. "Watu wa Bongo hawaamini mtu, wanaamini jibu," aliniambia. "Mwonyeshe mteja jibu kutoka ng'ambo, atatulia."

Tulikuwa naye kweli muuzaji huko Dubai, lakini alijibu mara moja kwa wiki mbili, tena maneno manne. Kwa maneno manne humtulizi mtu. Nikafungua anwani ya pili ya barua pepe, nikabuni mfanyabiashara wa Dubai, nikampa jina nililoliunga kutoka kwenye maboksi mawili ya brekipedi. Kuanzia hapo nilikuwa naandika kwa anwani ya duka, kesho yake asubuhi najijibu kwa anwani ya yule bwana, kisha nawaita wateja waje waone kwa macho yao. Niliipenda kazi ile, na sitajifanya hapa kwamba nililazimishwa.

Mzee wangu alikuja akiwa amevaa shati la kaki lililonyooshwa pasi. Namwita wangu kwa sababu mjomba alimwita hivyo, "mzee wako". Alikuwa fundi wa reli kwa maisha yake yote, mkazi wa hapo hapo Gerezani, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimeishia kwenye pikapu ya dizeli. Kila alfajiri aliwabeba akina mama wauza samaki na ndoo zao kutoka Feri, pale Magogoni, akawashusha Ilala. Madereva wa Feri walikuwa na utaratibu wao. Foleni ya magari ilikuwa na majina, na gari lisiloonekana kwa muda mrefu jina lake lilifutwa. Ukitaka kurudi unaanza upya nyuma ya watu wote wanaoomba. Pampu ya dizeli ya pikapu yake ilikuwa imekufa. Alitaka nyingine kabla jina lake halijafutwa, basi. Alinieleza hilo mara tatu, pole pole, kana kwamba mimi ndiye mzee.

"Itachukua muda gani, mwanangu?"

"Wiki tatu, mzee. Ikizidi sana nne."

Aliilipia yote siku ile ile. Akaacha na pampu mbovu ikiwa imeviringishwa kwenye gazeti, maana Gerezani huagizi kipuri bila kuacha sampuli. Alipotoka tu, mjomba alichukua zile hela akaagizia vioo vya pembeni, kwa kuwa Dar vioo viliibwa kila siku na vilinunuliwa kila siku. Ile sampuli fundi mmoja wa uani aliifungua Jumamosi, akachomoa vilivyokuwa bado vinafaa, akatuuzia wenyewe. Pampu ya mzee haikuagizwa.

Wiki ya tano alianza kuja. Hakuwa na kelele, na hilo lilinikera kuliko kelele. Nikampeleka kafe, nikamvutia kiti cha plastiki karibu na changu. Alivua kofia akaipakata, kama aliyekaribishwa sebuleni kwa mtu.

"Tumwandikie nini?" nikamuuliza.

"Mwanzie na salamu. Muulize nyumbani kwake hawajambo? Halafu ndiyo umuulize pampu."

Hakuna mteja mwingine aliyewahi kuniambia nimuulize Dubai kama hawajambo. Nilicheka njia nzima hadi dukani. Kesho yake nilimsomea jibu kwa Kiswahili, kidole changu kikifuata Kiingereza kwenye kioo: bwana anashukuru kwa salamu, meli imecheleweshwa, tena mama yake mzazi ni mgonjwa, ndiyo sababu hakuandika mapema. Yule mama nilimbuni pale pale ili nipate wiki mbili.

Nilipata miezi. Mzee alisahau kuulizia meli, akaulizia mama. Alileta chupa ya asali ya nyuki wadogo aliyopewa na mwenzake wa reli kutoka Tabora, akaniomba mjomba akisafiri ampelekee mgonjwa. Tuliipaka kwenye mkate, mjomba na mimi, tukiwa tumekaa juu ya mapipa ya oili, na mjomba alicheka mpaka chai ikampalia. Ilikuwa asali nzuri kweli.

Siku moja aliniomba sampuli yake. Fundi mmoja wa Ilala alikuwa amemwambia pampu ile ile mbovu angeweza kuifufua ikasukuma miezi kadhaa, atunze nafasi yake Feri. Nilimwambia tuulize Dubai kwanza. Jibu nililoliandika lilisema sampuli imeshapelekwa kule kulinganishwa, ili asije akaletewa isiyofaa. Mzee aliinamisha kichwa akifikiri. Kisha akasema mtu makini kama huyo hawapo wengi siku hizi, na akaenda kumwambia yule fundi wa Ilala asijisumbue.

Nilimdharau. Nalisema wazi kwa sababu nikisema nilimwonea huruma nitakuwa nadanganya mara ya pili. Nilimwona mtu mzima aliyeshika mashine za treni miaka thelathini halafu anashindwa kuona kijana anacheka mbele yake, nikajiambia anastahili.

Mwezi wa sita wa kusubiri akaja akiwa amenyong'onyea. "Feri wamenipa mpaka Ijumaa," alisema. "Baada ya hapo wananifuta. Mwandikie ndugu yetu ajue."

Sasa hapa ndipo pabaya. Mjomba, kwa sababu zake, alikuwa ameiagiza pampu ile kweli mwezi mmoja kabla, na Jumatano ya wiki hiyo hiyo ilishuka dukani ndani ya boksi jipya. "Ya mzee wako," mjomba alisema, akaiweka chini ya kaunta. Nyumbani kwa mzee palikuwa dakika kumi kwa miguu. Nilisema nitampelekea habari jioni. Jioni nikasema kesho. Alhamisi mchana aliingia mtu wa Mbeya, pikapu yake imekwama njiani, akataja pampu ya aina ile ile na yuko tayari kulipa mara mbili. Mjomba alinitazama. Hakusema niiuze, hakusema nisiiuze.

"Mzee ameshazoea kusubiri," nilisema mimi. Nikaifunga kwa mkono wangu, nikampa mtu wa Mbeya.

Ijumaa jina la mzee lilifutwa. Aliendelea kuja hata hivyo, maana pikapu bado ilikuwa yake na alidhani pampu ikifika ataombaomba nafasi kwingine. Akawa anakuja kila siku baada ya swala ya adhuhuri. Mjomba akachoka. "Malizana naye," akaniambia. Nikaenda kafe nikamuua yule bwana wa Dubai. Barua ilitoka kwa mdogo wake: kaka yetu amefariki ghafla, mali yote pamoja na mizigo ya wateja imesimama kusubiri mirathi, tunaomba subira.

Nilipomkalisha pale kafe nikamsomea, nilidhani atapiga kelele hatimaye, adai chake. Alitazama Kiingereza kwenye kioo cha kompyuta bila kuelewa hata neno moja. "Ameacha watoto?" aliuliza.

"Wanne," nilisema.

"Basi mimi siwezi kugombana na yatima. Waandikie nimesamehe."

Akavaa kofia akaondoka. Nilirudi dukani nikampa mjomba habari, tukapeana mikono. Nilijua nimemaliza.

Baada ya siku chache alinitumia mtu kunialika. Alikuwa amemwandalia marehemu khitma nyumbani kwake, na kwa kuwa mimi ndiye pekee niliyemfahamu, nisikose. Mjomba alisema nisiende, mimi nikaenda kwa udadisi tu. Nilikuta jamvi limetandikwa uani, wazee wa reli kama ishirini, na nyuma yao pikapu imekaa juu ya mawe, tairi zimetolewa, kuku wamelala chini yake. Mimi Mlutheri niliazimwa kofia nikakaa mstari wa mbele. Walimsomea mtu niliyemtoa kwenye maboksi ya brekipedi. Walipoinua mikono kuomba, walilitaja jina lake lote, na mimi nikaitikia amina pamoja nao.

Kisha mzee akaniomba niwaambie alikuwa mtu wa namna gani. Nilisimama. Nilikuwa nimemwandika miezi yote ile, hivyo hapakuwa na la kunishinda: subira yake, alivyomuuguza mama yake, alivyokuwa akijibu kila barua hata anapokuwa na shida. Nilisema vizuri. Mzee mmoja alijifuta macho kwa ncha ya kanzu.

Mke wa mzee ndiye aliyeniletea sahani ya pilau. Aliiweka mbele yangu bila kusema karibu, akasimama palepale ananitazama mpaka nikaanza kula. Mumewe alikuja akachuchumaa kando yangu, akasubiri nimeze.

"Mwanangu, kuna neno limenikaa moyoni," alisema. "Huyu mke wangu tangu zamani ananiambia huko Dubai hakuna mtu, majibu unaandika wewe. Mdomoni nilimkatalia. Lakini moyoni nilikushuku, tena nikakushuku sana. Leo nimekusikia ukimzungumza marehemu, nimeona haya. Nimemdhania ubaya mtoto wa watu. Naomba unisamehe."

Mke wake hakuondoka. Nilinawa mkono, nikamshika mzee bega, nikamwambia mbele ya mke wake kwamba nimemsamehe.