Neno Letu Moja la Pole

Kazi yangu ni kufua mashuka ya hoteli, chini kabisa ya jengo moja katikati ya Stockholm, ambako dirisha pekee tulilonalo linaonyesha viatu vya wapita njia. Zamu ya asubuhi tuko wanawake watatu: mimi wa Tanga, Mgiriki mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na Mturuki mpole wa sura, mkali wa ulimi. Kukunja shuka kubwa kunataka watu wawili, wa tatu anailisha mashine ya pasi. Ukishika ncha za shuka na mtu kila siku, upende usipende mtaongea.

Kiswidi chetu kinatosha kumjibu msimamizi na kuomba ruhusa. Kwa soga tunatumia Kiingereza, maana wenzangu walikiokota kwenye hoteli za watalii, mmoja kisiwani kwao, mwingine pwani ya kwao. Kiingereza cha namna hiyo kina asante, hakuna shida, na bei. Hakina la kumwambia mtu aliyetoka kusuka nywele.

Hapo ndipo yalipoanzia. Siku moja nilikuja nimesuka. Mgiriki akanitazama, akatafuta Kiingereza cha kunisifia, akakikosa, akasema kwa Kigiriki. Nikamuuliza maana yake. "Kwa afya," akajibu, akajicheka mwenyewe, maana kwa Kiingereza ilisikika kama mtu anayeuza dawa. Mturuki akasimamisha mashine. Kumbe na kwao aliyenyoa au aliyetoka kuoga huambiwa hivyohivyo, iwe afya.

Ukawa mchezo wetu. Mmoja anatoa msemo wa kwao, tunaupitisha kwenye Kiingereza, unatoka umekauka kama chapati ya juzi, kisha mwenzake anaupa uhai tena kwa lugha yake. Aliyepika huambiwa mikono yake iwe na afya, huku na huku. Mgonjwa huombewa yapite: Mgiriki husema perastika, Mturuki gechmish olsun. Mataifa yao yamenuniana miaka mingi, na muda wote huo wamekuwa wakiombeana mema kwa maneno yaleyale. Wao wenyewe walibaki wakitazamana.

Zamu yangu ikafika. Mgonjwa mnamwambiaje? Pole. Anayefanya kazi? Pole na kazi. Aliyetoka safari? Pole na safari. Aliyejikwaa? Pole. Aliyefiwa? Pole. Mgiriki akaachia ncha yake ya shuka kwa kicheko.

"Lugha nzima, neno moja," akasema. "Lugha masikini hiyo, dada."

Mimi mtu wa Tanga niambiwe Kiswahili ni masikini! Damu ikanipanda. Nikamwambia neno letu lina kitu ambacho maneno yao yote hayana, nacho ni jibu. Ukipewa pole unajibu nimeshapoa, ili aliyekupa ajue pole yake imefika. Ninyi mnajibu nini? Wakakiri kwamba wao hujibu asante tu. Kwenye treni ya kurudi Alby, ninakoishi, ndipo nilipokumbuka kwamba tuna makiwa pia, neno la bibi yangu kila alipoingia msibani, lakini ubishi ulikuwa umeshakwisha. Tangu siku hiyo nikawahesabu kuwa watani wangu.

Majira ya baridi yaliyopita nilipasuliwa goti. Nilikuwa bado natembelea magongo simu ilipoingia kutoka nyumbani: mama amefariki. Daktari alikuwa amenikataza ndege. Kwetu maiti haicheleweshwi, na mazishi ya mama yangu niliyaona kwenye simu, picha ikikatika kila mara.

Jumamosi Watanzania wenzangu walijaa nyumbani, wakasoma Yasini, wakapika, wakaosha vyombo. Mungu awalipe. Jumatatu kila mtu akarudi kazini, maana mji huu haumsubiri mfiwa, nikabaki na sofa na magongo yangu. Nilikuwa sijalia. Hilo lilinitisha kuliko kifo chenyewe. Mama aliyenizaa, na macho makavu kama ya mtu anayesubiri basi. Niliogopa kwamba msiba utaisha sijamlilia, na baada ya hapo sitamlilia tena.

Jumatatu hiyo jioni kengele ya mlango ikalia. Walikuwa wao wawili, wametoka kazini moja kwa moja, wananuka sabuni. Mturuki alibeba sufuria ya halua ya unga wa ngano, ambayo kwao hupikwa mtu akifa. Mgiriki alibeba bakuli la ngano ya kuchemsha yenye zabibu, ambayo ndiyo ya kwao. Mturuki akaniombea kichwa kizima, Mgiriki akaniombea uhai, kila mtu kwa pole ya lugha yake. Nikasema asante. Wakaingia jikoni, na mara nikawasikia wanabishana.

"Ngano ni ya kuku," Mturuki alikuwa akisema.

"Na hiyo yako ni mchanga," akajibu Mgiriki. "Wewe msibani unaleta mchanga?"

Kwetu msiba bila watani haujakamilika. Wao ndio huingia na kuivuruga huzuni mpaka wafiwa wenyewe wacheke. Hawa wawili hakuna aliyewaambia. Nikacheka, peke yangu sebuleni, kicheko cha kweli. Mgiriki akatoka na kijiko mkononi, akanikuta hivyo, akasimama.

"La kwangu umelijibu asante," akasema kwa Kiingereza. "Sina jingine." Kisha kwa Kiswahili, taratibu, akasema, "Pole."

Nililia mpaka nikasahau goti. Mturuki ndiye aliyeuinua mguu wangu akauweka juu ya mto. Wakakaa sakafuni, mmoja huku, mmoja kule, na hapakuwa na la kutafsiri.

Wakawa wanakuja kila Jumatatu. Waliniuliza arobaini itaangukia lini kabla sijaitaja, kwa sababu na kwao, kwa Mkristo na kwa Mwislamu, marehemu huhesabiwa arobaini. Kila walipoondoka Mgiriki aliniambia pole, akangoja kidogo. Nilijibu asante. Alijua kwamba silo jibu nililomfundisha, na hakunisahihisha hata mara moja.

Siku ya arobaini, baada ya hitma, nilipika mwenyewe nikiwa nimeegemea gongo moja. Wao nao walileta vyao: Mturuki alikula ngano ya kuku, Mgiriki alikula mchanga, na mimi wakaniombea afya ya mikono. Nilikuwa nimeshiba shukrani kuliko chakula. Mlangoni Mgiriki akavaa koti, akazungusha shali, akanigeukia.

"Pole," akasema.

"Nimeshapoa," nikamjibu.

Mturuki alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Akainua kichwa, akamwambia mwenzake, kwa Kiingereza chetu kile cha watalii, "Imefika."