Joho la Babu

Binamu yangu alilitaka joho. Sydney ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona, na sisi hapa Minto, pembeni mwa jiji, hatukutoka ila kwenda kazini au dukani, kwa hiyo kila alipopiga simu kutoka Tabora alitukuta. Ukoo ulikuwa umemchagua kuwa mtemi. Utemi wenyewe siku hizi ni wa sherehe tu, lakini yeye alikwishanunua viatu vya siku ya kusimikwa. Lililobaki ni joho la babu, ambalo mama alikuja nalo Australia ndani ya sanduku lake. Alimbembeleza mama, shangazi yake, mpaka nikamwonea huruma.

Nilikuwa upande wake. Kazini, kwenye nyumba ya wazee, nilipenda kuwasimulia wauguzi wenzangu kwamba babu alitawala nchi yake na Waingereza wakamheshimu. Jumapili moja nikalitoa lile joho jeusi lenye nyuzi za dhahabu ili nilipige pasi kabla ya kulituma. Mama aliponiona, alikunja uso kama aliyenusa uvundo.

"Unajua lilitoka kwa nani?"

Akanieleza kwamba lilitoka kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Mtemi halali alikuwa kaka wa babu, naye alikataa kuwalazimisha watu kulima matuta kama serikali ilivyoamuru. Serikali ilikuwa ikisema utemi ni wa wenyeji, yenyewe inashauri tu. Lakini yule DC, kijana mdogo, akampakia mtemi kwenye lori kwenda uhamishoni, na asubuhi ileile akamvika babu joho. Tangu hapo DC akija hukalia kiti cha mtemi, na babu husimama kando akitiririka jasho, huku watu wakichapwa kwa amri iliyotolewa kwa jina lake. Mama alikuwa mtoto, aliyaona. Kila kiboko kilipotua, baba yake aligeuka kumtazama DC, kuona kama ameridhika.

Nilishikwa na kinyaa. Nikalidondosha joho, nikajipaka kitakasa mikono mpaka viganja vikaniwasha, na bado nikajisikia mchafu. Nilikumbuka majigambo yangu kule kazini.

Nikamuuliza mama kwa nini basi alilitunza miaka yote hiyo.

"Sikulitunza. Nililivusha bahari ili asipatikane wa kulivaa."

Nikasema tulitupe. Akakataa, maana pipa la taka hushinda barabarani na mtu anaweza kuliokota. Akaomba mkasi. Kitambaa kilikatika kirahisi, ila zile nyuzi za dhahabu ziligoma na ikabidi nimsaidie kuvuta.

Tulikuwa bado tunakata binamu alipopiga simu ya video, akitaka kujua kama mzigo umeshaondoka. Mama aliniambia nigeuze kamera aone meza. Binamu alivitazama vile vipande, nikadhani ameelewa, kwa sababu mama alimweleza yote pale pale, lori, kiti, viboko.

Kisha akauliza kama walau kola ya joho imesalimika.