Druidi wa Dada Mwanasha

Enzi zetu pale Ukunda, watoto wa mtaa mzima tulikuwa na kompyuta moja, nayo ilikuwa nyumbani kwetu. Mama alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya Diani, na walipobadilisha vifaa vya ofisini wakampa ile kuukuu. Ilinguruma kama mashine ya kusaga unga. Jumamosi, tukishatoka madrasa, tulijazana mkekani na mahamri yetu na mbaazi za nazi, tukimtazama dada yangu Mwanasha akicheza.

Ndani ya mchezo ule alimlea druidi, mzee wa msituni anayejigeuza mnyama ili apigane na mashetani. Kila alipopanda ngazi alipewa pointi za kumjengea, na hapo ndipo sisi wengine tulipoharibu: kidogo kwenye dubu, kidogo kwenye mbwa mwitu, kidogo kwenye radi, tukaishia na kiumbe asiyeua hata panya. Mwanasha hakuwa na pupa. Alichagua mbwa mwitu peke yake, akamwongezea uhai, kisha wepesi wa kuuma. Vijana wa leo hununua nguvu kwa simu, halafu wakajiita mafundi. Yeye wake alimjenga kwa kufikiri.

Siku moja akaingia Ami Rashidi, kaka yake marehemu baba. Tulimwamkia shikamoo, hakuitikia. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta, ambako mzee mwenye ndevu alikuwa akiota manyoya. Akauliza ni nani anayemfundisha mtoto wa kike kugeuka mnyama.

"Ami, hapa hamna uganga," Mwanasha alimjibu kwa adabu. "Ni hesabu tu."

Ami akachomoa waya ukutani. Hilo ningemsamehe. Lakini alikwenda kuyasema barazani, na kwetu neno uchawi si la mzaha. Wazee wamefukuzwa makwao kwa neno hilo. Wiki haikuisha, wenzake Mwanasha wakakatazwa kukaa naye, na jirani mmoja akayamwaga maji aliyochotewa na dada. Mama, mjane asiye na wa kumtetea, akaitoa kompyuta, na druidi akaenda nayo. Mwanasha alikuwa na hamu ya kusomea mambo ya kompyuta. Hakuyataja tena. Aliozwa mapema, na aliyeshikilia aozwe haraka, kabla jina halijaharibika zaidi, alikuwa Ami huyo huyo.

Idi iliyopita tulialikwa kwa Ami, Msambweni. Sebuleni mjukuu wake alikuwa mbele ya televisheni kubwa akicheza mchezo wenye druidi kama yule, na Ami akiwaeleza wageni kwa fahari kwamba mtoto huyu ana akili, atakuwa injinia. Mwanasha alikuwa akigawa sahani za biriani.

"Ami," nikamwuliza mbele ya watu, "huyu mbona humwiti mchawi?"

Akacheka, akasema hayo ni ya zamani, mambo ya ujinga. Dada hakumtazama hata kidogo.

Naipenda zamani ile. Watoto wa leo kila mmoja ana kioo chake, na hakuna anayesogezewa mkeka. Lakini ujinga ule una mwenyewe, na mwenyewe yu hai, anakula biriani.

Njiani Mwanasha alinilaumu kwamba nimeiharibu sikukuu. Nikamwambia sikuiharibu, nilichelewa tu kusema.