Tela la Kumlaza Mama Muheza

Mama yangu hakuwahi kulala chini ya paa moja na mkwewe, na hakukusudia kuanza uzeeni. Kwa alivyolelewa yeye huku Lukozi, mume wa binti yako unamsalimia kwa mbali, unamuuliza habari za kazi na za mvua, kisha kila mtu anashika njia yake. Ni heshima nzuri sana ikiwa mkweo anakaa kijiji cha pili. Dada yangu aliolewa Muheza.

Jambo hili halikutusumbua mpaka dada aliposhika mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika, na safari hii daktari alimwamuru alale kitandani mpaka ajifungue. Mchana majirani walikuja kumtazama. Usiku hofu ilimwingia, akawa anampigia mama simu, na mama anakaa na simu sikioni mpaka chaji inakwisha. Shemeji ni mtu mwema, lakini yapo mambo ambayo mwanamke mwenye mimba hamwulizi mwanamume.

"Nenda ukakae naye," nilimwambia mama.

"Nikalale wapi?"

"Kuna gesti."

"Gesti ni za watu wenye shughuli zao."

"Basi kwa jirani yao."

"Ili nimtangazie mkwe wangu mtaa mzima kwamba nyumba yake hailaliki?"

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nina gari. Ni gari kubwa la dizeli, linavuta kwa magurudumu yote manne, na tangu nilinunue limekuwa likitafuta kazi inayolistahili. Nikawaza: kama mama hawezi kulala nyumbani kwa mkwewe, basi nitamvutia nyumba yake mwenyewe mpaka uani kwa mkwewe. Nikapata tela la kulala, vile vinyumba vya magurudumu wanavyosafiria watalii, nikalileta Lukozi. Mama akaingia ameinama, akatoka ameinama.

"Choo kiko wapi?"

Hakikuwapo.

"Kwa hiyo nitakuwa nabisha hodi kwa mkwe wangu kuomba choo."

Nililirudisha kwa mwenyewe, nikapewa jingine. Hili lilikuwa na choo, kitanda cha kweli, jiko, na dari ambayo hata kilemba cha mama hakikuigusa. Lilikuwa zito vilevile. Siku niliyolijaribu, gari lilikaa chini kwa nyuma na pua ikatazama mbinguni, na taa zikawa zinamulika vilele vya mikaratusi. Nikaenda kwa fundi wangu mjini Lushoto.

Fundi aliweka springi nene zaidi nyuma. Springi zikaonyesha kwamba shokapu zimechoka, tukabadili shokapu. Ndoano ya kukokotea ikaonekana nyembamba, ikachomelewa nyingine, na hiyo ikahitaji chesesi iongezewe chuma. Kisha breki. Kisha rejeta, maana kurudi kutoka Mombo ni kupanda tu. Kila tulichokiimarisha kilituonyesha kinyonge kilichokaa kando yake. Sikuchukia hata kidogo. Nilishinda pale gereji nikieleza kila aliyepita jinsi uzito unavyogawanyika, mpaka watu wakaanza kupitia njia nyingine.

"Mgoshi, unahamia wapi?" waliniuliza nyumbani.

"Nampeleka mama kwa mwanawe."

"Mabasi yanapita kila siku," walisema, na mimi nikawahurumia kwa uelewa wao mdogo.

Mimba lakini haikusubiri springi. Tumbo la dada lilikuwa kubwa sasa, na simu zilikuwa zinaanza mapema zaidi. Jioni moja nilimkuta mama amekaa jikoni, simu imezimika mkononi. Alisema, "Analia, halafu ananiambia halii." Niliona aibu. Kesho yake nilimwambia fundi aache kulipendezesha gari, tunaondoka.

Uzito wa tela nilikuwa nimeupiga hesabu likiwa tupu. Hilo ni kosa ambalo mtu wa huku hapaswi kulifanya, kwa sababu huku kwetu gari haliteremki Mombo tupu. Alfajiri walikuja na viazi kutoka Shume, maziwa kutoka Kwai, kabichi, karoti, plamu, na jogoo. Akina mama wa kanisani walileta unga. Jirani yetu, ambaye siku hiyo alikuwa amefunga, alileta maharage na dua. Nilipojaribu kusema neno kuhusu uzito, mama aliniuliza kama napendelea afike kwa mkwewe mikono mitupu. Tukapakia. Viazi vilichukua kitanda, kabichi zikachukua choo.

Tulishuka kwa gia ndogo, kona baada ya kona, mabasi yakitupigia honi tangu Soni. Breki zilinuka lakini zilishika, na naungama nilitamani fundi angekuwepo aone. Mama alikaa mbele, mkoba mapajani, hakusifia hata kona moja.

Tulifika Muheza jua linazama. Shemeji alisimama getini, akatoa shikamoo kwa mbali na mama akaitika akitazama pembeni, kama inavyotakiwa. Nikalirudisha gari nyuma kuingiza tela. Halikuingia. Nikajaribu kwa pembe nyingine. Nilikuwa nimepima kila kitu cha gari lile na cha tela lile, na geti la shemeji sikulipima.

Kwa hiyo nyumba ya mama ikabaki barabarani. Tulipakua vyakula, na nikasema nitalala humo nilinde.

"Shemeji, wewe ni mgeni, na umeendesha kutwa," alisema mume wa dada. "Mgeni wangu hawezi kulala barabarani. Nitalinda mimi." Akachukua shuka na tochi, akatoka, akafunga geti kwa nje.

Mama alisimama sebuleni akiwa bado na mkoba. Nyumba haikuwa na mkwe. Kutoka chumbani dada akaita, "Mama?" na mama akaingia.

Asubuhi niliamka kwenye kochi, nikasukuma mlango wao taratibu. Dada alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, kichwa chake kwenye mkono wa mama. Mama alikuwa macho. Mkono ule lazima ulikuwa umekufa ganzi, lakini hakuusogeza.

"Nimeshaongea na fundi wa hapa," nilimnong'oneza, maana nilikuwa nimekwisha kumpigia. "Leo anakuja kutupanulia geti. Jioni tela litakuwa ndani, utalala kwako."

Mama alimtazama dada pale mkononi mwake.

"Geti liache lilivyo," akasema.